Valletta haikuzingirwa mwaka 1565, maana haikuwapo

Karibu kila mgeni anayefika Valletta, Malta, huinua macho kwenye kuta zile na kusema kwamba ndizo zilizowashinda Waturuki mwaka 1565. Sizo! Mwaka ule mji haukuwapo. Rasi nzima ya Sciberras, mji unaposimama leo, ilikuwa mwamba mtupu, yenye ngome moja tu nchani, St Elmo.

Na hapo ndipo kiini cha jambo. Waturuki walipandisha mizinga juu ya mgongo wa rasi hiyo, wakaipiga St Elmo kutoka upande wa nchi kavu hadi ikaanguka tarehe 23 Juni. Kisha kutoka mgongo huohuo wakazigeukia Birgu na Senglea, miji miwili ng'ambo ya maji. Hizo mbili, pamoja na ngome ya St Angelo, ndizo zilizostahimili mpaka msaada ulipotua Septemba kutoka Sicily. Mwenye hamu ya kuuona uwanja wa vita ule avuke bandari aende Birgu.

Valletta ilijengwa ili adui asiupate tena mgongo ule. Jean de Valette, mkuu wa watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane waliotawala Malta, aliweka jiwe la msingi tarehe 28 Machi 1566. Ramani ilikuwa ya Francesco Laparelli, mhandisi aliyetumwa na Papa. Alipoondoka 1569, kazi ikabaki kwa Girolamo Cassar, Mmalta. Walianza na upande wa nchi kavu, kwa handaki lililochimbwa kwenye mwamba kukata rasi, na mawe yake yakapanda kuwa ukuta. Kwa hiyo anayedhani kila kipande cha kuta hizo kimejengwa ateremke handakini, atafute mahali viungo vya mawe vinapokoma: chini ya hapo ni mwamba wenyewe uliochongwa.

Buruji zilizochongoka, yaani sehemu za ukuta zinazotokeza nje, nazo si pambo. Mnara wa duara huacha mbele yake kipembe kisichofikiwa na mizinga ya jirani. Hapo adui hujificha, akachimba chini ya msingi na kutega baruti. Nyuso mbili zilizonyooka zikikutana kwenye ncha, kipembe hicho hakipo, na mizinga iliyofichwa ubavuni hufagia uso wa buruji ya pili. Aliyezunguka Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ameshaiona elimu hiyohiyo.

Mitaa ya ngazi haikukusudiwa kupendeza. Mpango ulikuwa kuusawazisha mgongo wa rasi, ukaachwa kwa haraka ya kujikinga.

Lango la mji linalopigwa picha kama la kale ni kazi ya Renzo Piano, ya karne hii.

Na kusema kuta hizi hazikuwahi kushindwa si kweli. Juni 1798 mji ulisalimu amri kwa Napoleon katika siku chache, kuta zikiwa nzima. Wafaransa walioachwa humo walizingirwa na Wamalta na Waingereza, wakatolewa Septemba 1800 kwa njaa.