Je, wajua kwa nini Samogitia ilijichagulia mkuu wake?

Katika Utemi Mkuu wa Lithuania, Vilnius na Trakai zilipata mavoivoda mwaka 1413, yaani magavana walioteuliwa na Mtemi Mkuu. Samogitia, jimbo la magharibi ambalo wenyeji huliita Žemaitija, haikuingia katika utaratibu huo. Mkuu wake alikuwa na cheo cha starosta, alikishika maisha yake yote, na makabaila wa huko ndio waliokuwa na haki ya kumchagua.

Haki hiyo ilitokana na mahali jimbo lilipokaa. Samogitia ilitenganisha Prussia na Livonia, nchi mbili zilizokuwa chini ya utawa wa kivita wa Wateutoni, ambao waliitaka ili waunganishe ardhi zao. Watemi wa Lithuania, wakihitaji amani, waliwaachia zaidi ya mara moja, na kila mara Wasamogitia wakaasi, hadi Mkataba wa Melno wa mwaka 1422 ulipomaliza mzozo. Watu waliokwisha kutolewa hivyo bila kuulizwa hawangekubali kwa urahisi kuletewa mkubwa kutoka Vilnius.

Mwaka 1440 Mtemi Mkuu Žygimantas aliuawa, na Kazimiri, mtoto wa miaka 12, akawekwa mahali pake. Wasamogitia wakamwondoa starosta wao, Mykolas Kęsgaila. Washauri wa Kazimiri waliona heri kupatana kuliko kupigana: mwaka 1441 jimbo likapata haki ya kuchagua, ingawa baadaye Kęsgaila alirudi kitini. Hati ya Mtemi Mkuu Aleksander ya mwaka 1492 ilithibitisha haki hizo, ikitamka kwamba Wasamogitia waliingia Lithuania kwa hiari, si kwa upanga. Kauli ya ukarimu mno, ukizingatia maasi yaliyotangulia.

Hata hivyo, uchaguzi haukufungua mlango kwa kila kabaila. Ukoo wa Kęsgaila, ukiacha vipindi vifupi, ulishika cheo hicho hadi mwaka 1532, na baadaye koo nyingine kubwa zikakipokea. Jan Karol Chodkiewicz alikuwa starosta wa Samogitia aliposhinda jeshi la Uswidi huko Kircholm mwaka 1605, ingawa ushindi huo aliupata kama jemadari wa Lithuania nzima.

Urusi ilipolitwaa jimbo mwaka 1795, uchaguzi ulikoma. Kuanzia mwaka 1843 sehemu kubwa ya Samogitia iliwekwa katika mkoa wa Kovno, ambao magavana wake waliteuliwa na mfalme wa Urusi.