Kumbikumbi hawashuki na mvua

Vuli ikianza huku Tanga, barazani kwetu hurudi mabishano yale yale ya kila mwaka.

*"Kumbikumbi huletwa na mvua."* Wanatoka chini, si juu. Kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa ili wakaoane, na huwa wamejaa kichuguuni wakingoja udongo ulainike, maana ardhi kavu haichimbiki. Mvua ikishakatika, mchwa wafanyakazi hutoboa matundu na kundi zima huruka, na wengi huifuata taa. Asubuhi unafagia mabawa mlangoni ukidhani wamekufa wote. Inama uchungulie chini ya ukuta. Utawaona wawili wawili, jike mbele, dume kamganda nyuma kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Mabawa wameyaangusha wenyewe. Kazi yake imekwisha. Wengi wataishia kwa kuku, kwa mijusi au kikaangoni (kwangu mimi, chumvi kidogo tu inatosha). Jozi itakayopona ikajichimbia ndiyo mfalme na malkia wa kichuguu kipya.

*"Kereng'ende wakizagaa, wanaita mvua."* Hapa wazee wana nusu ya haki, kwa sababu mvua kweli huwa haiko mbali. Tazama wale wa manjano wanaozunguka juu ya uwanja wa mpira bila kutua. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiwahesabu wakipita visiwa vya Maldivi kati ya Oktoba na Desemba, alieleza kwamba wanatoka India na kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki wakibebwa na upepo. Yaani kusafiri kwa msimu hakukuwa kwa majahazi peke yake. Wanausindikiza ukanda wa mvua kwa sababu wanahitaji madimbwi ya kutagia, na watoto wao hukua upesi, kama miezi miwili hivi, kabla dimbwi halijakauka.

*"Kinyonga akizaa hupasuka tumbo akafa."* Nimewahi kumwona mmoja nyuma ya choo chetu, amechimba shimo, mkia nje, kichwa hakionekani. Alitaga, akafukia, akaukanyagakanyaga udongo, akapanda mti wake taratibu. Wako kinyonga wa milimani wanaozaa watoto hai, na hao nao hawapasuki. Sumu pia hana. Ubaya ni kwamba jike mwenye mimba hulazimika kushuka chini na kukatiza njia, na hapo ndipo watoto humpiga mawe.

*"Jongoo anang'ata."* Huyo ni tandu. Tandu ana jozi moja ya miguu kila pingili; jongoo ana jozi mbili karibu kila pingili, na chakula chake ni majani yaliyooza. Ukimshika hutoa majimaji yanayoacha doa, kwa hiyo usijipanguse macho kabla ya kunawa. Habari za mtungi si fani yangu.