Je, wajua kwa nini barua ni nusu ya kuonana?

Ndani ya kitabu kimoja kwenye rafu yangu kuna kadi aliyoniandikia shangazi miaka mingi iliyopita. Ina mistari saba tu: hawajambo wote, goti linamsumbua, nisome kwa bidii. Hakuna la ajabu hapo. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia kwenye simu nitaujibu kwa kidole gumba, na wiki ikipita sitaukumbuka. Lakini kadi hii nimehama nayo nyumba nne.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Methali hii tumeizoea mno hata hatuulizi hiyo nusu inatoka wapi. Maneno yaleyale yakichapwa kwenye simu hufika kwa sekunde moja, na bado sijamsikia mtu akisema meseji ni nusu ya kuonana.

Fanya jaribio dogo. Andika jina lako kwenye karatasi kwa herufi za kawaida, kisha uliandike ukutani kwa chaki, kila herufi iwe kubwa kama sahani. Kwenye karatasi kazi ilifanywa na vidole na kifundo cha mkono. Ukutani imefanywa na bega na kiwiko, yaani misuli mingine kabisa. Sasa rudi nyuma hatua tano utazame. Mwandiko ni uleule! Hata ukiandika mchangani kwa kidole cha mguu, herufi zitapinda lakini utajiona humo. Wanaochunguza mwendo wa mwili wamelijua jambo hili kwa miongo mingi: umbo la mwandiko wako limehifadhiwa ubongoni, na kiungo kilichoshika kalamu kinatekeleza tu. Ni kama mwendo wa mtu unavyomtambulisha kwa mbali kabla hujamwona uso. Ndiyo maana ukipokea bahasha unajua imetoka kwa nani kabla ya kuifungua. Kwenye simu, herufi za mama na herufi za anayekudai ni zilezile.

Watu walilijua hili zamani sana. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye mabaki ya ngome ya Kirumi iitwayo Vindolanda, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kimojawapo, cha karibu mwaka 100 baada ya Kristo, ni mwaliko. Mwanamke aitwaye Claudia Severa anamwalika rafiki yake, Sulpicia Lepidina, kwenye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba. Sehemu kubwa ya maneno iliandikwa na karani, kwa mwandiko nadhifu wa mtu aliyeizoea kazi yake. Ila mwishoni mkono unabadilika. Severa ameichukua kalamu mwenyewe na kuongeza maneno machache, kwa herufi zisizo na ufundi wa karani: atamngoja, anamwita dada, anamwita roho yake. Leo kibao hicho kiko British Museum, London, na maneno hayo yanahesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale zaidi kabisa ya Kilatini yanayojulikana kutoka kwa mkono wa mwanamke.

Hebu fikiri. Habari yote ilikuwa imekwisha kuandikwa: siku, tukio, nani anaalikwa. Karani angeweza kumalizia na salamu pia. Mwenye mwaliko aliona haitoshi.

Kuna jambo la pili, nalo ni makosa. Simu huficha kusitasita kwetu. Mtu anaweza kuandika sentensi, akaifuta, akaiandika upya mara sita, nawe ukapokea ile ya saba ikiwa safi kana kwamba ndiyo aliyoiwaza tangu mwanzo. Kalamu haina kitufe cha kufuta. Kwenye kadi ya shangazi kuna neno moja lililokatwa kwa mstari. Nikiiinua kwenye mwanga nasoma "nilikukumbuka". Juu yake, kwa herufi ndogo zilizobanana, ameandika "nakukumbuka". Alisimama hapo. Aliona neno la kwanza limesema jambo lililopita na kwisha, naye hakutaka hivyo. Nimesoma kadi ndefu na nzuri zaidi ya hii, lakini hakuna iliyonionyesha mtu akifikiri juu yangu waziwazi namna hiyo.

Na anayeandika naye hupata kitu. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha NTNU, Norway, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi 36 walivalishwa kofia zenye vihisi 256 vya kupima mawimbi ya umeme ya ubongo. Walipoandika maneno kwa kalamu ya kidijitali, sehemu mbalimbali za ubongo zilionekana kuwasiliana kwa wingi zaidi kuliko walipoyachapa kwa kidole kwenye kibodi. Utafiti ule ulihusu kujifunza, haukuhusu mapenzi, kwa hiyo sitauvuta hadi kusikofika. Ila yeyote aliyewahi kukaa na kadi tupu mbele yake anajua kwamba kalamu ni ya polepole, na kwa dakika zile kumi huna budi kumuwaza mtu mmoja tu.

Basi mbona hatuandiki? Wengi tunasema hatuna muda. Mimi siamini sana. Dakika kumi tunazo, na nyingine tunazipoteza kwenye simu hiyohiyo. Kinachotuzuia ni kuona haya. Mwaka 2018 wanasaikolojia Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha matokeo ya jaribio la kuwaandikisha watu barua za shukrani kwa mtu aliyewahi kuwafaa maishani, kisha wakawauliza wanadhani mpokeaji atajisikiaje. Waandishi walikosea kwa upande mmoja: walidhani mpokeaji ataona soni kuliko alivyoona kweli, na hawakutarajia angefurahi kiasi kile. Walihangaika kutafuta maneno yanayofaa. Wapokeaji waliangalia zaidi ukunjufu wa moyo. Na barua zile zilipelekwa kwa barua pepe, bila hata karatasi ya kushika! Kwa hiyo mwandiko wako ukiwa kama wa daktari, usijali. Alimradi jina la mpokeaji linasomeka.

Anayeogopa ukurasa mzima aanze na kadi. Ilibuniwa kwa ajili ya watu wenye haraka. Mwaka 1869 mwanauchumi Emanuel Herrmann wa Austria alilalamika kwamba barua rasmi, pamoja na bahasha na adabu zake ndefu, inakula muda na fedha kwa habari ambayo ni maneno machache tu. Posta ya Austria-Hungary ikalichukua wazo, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo ikaanza kuuza kadi za posta. Walikuwepo walionung'unika kwamba sasa kila mtu ataweza kusoma mambo yako njiani. Kwa maneno mengine, kadi ndiyo iliyokuwa meseji ya zama zile, na leo sisi tunaililia kwa sababu inatupunguza mwendo.

Ufinyu wake ni msaada. Kadi ya kawaida ya ukubwa wa A6 ni milimita 105 kwa 148. Sentensi tano na imejaa. Usianze na "natumaini u mzima", anza na kitu kimoja mnachokijua ninyi wawili tu: kicheko cha siku fulani, ushauri aliokupa ukaupuuza, wimbo anaokosea maneno kila siku. Weka tarehe kamili na mwaka, kwa sababu huenda atakayeisoma baadaye si yeye. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja uendelee. Na anwani iandike kwanza, pamoja na stempu, kabla ya salamu. Kadi tupu inaweza kukaa kwenye droo miaka mitatu. Yenye jina la mtu juu yake itakusumbua mpaka uitume.