Ukiandikia Bunge Maoni, Taja Kipengele

Kazi yangu ni kuwasaidia Wakenya kuandika maoni kuhusu miswada, na ninachokutana nacho zaidi ni barua nzuri isiyoomba kitu. Mtu anajaza kurasa tatu akilia na gharama ya maisha, kisha hasemi anataka kamati ifanye nini. Kwa kawaida maoni hupangwa kwenye jedwali: kipengele, pendekezo, sababu. Barua isiyo na kipengele haina pa kukaa.

Kwa hiyo huwaambia: ukipinga, andika "kipengele fulani kifutwe". Ukikubali nusu, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake. Mistari minne yatosha, bora ifike kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa.

Haki yenyewe haina utata. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti vivyo hivyo. Wala si lazima usubiri mswada: Kifungu cha 119 kinakuruhusu kupeleka ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria, hata ukiwa peke yako. (Saini milioni moja za wapiga kura ni za anayetaka kugeuza Katiba kwa mpango wa wananchi.)

Utata uko hapa: wakishakusikia, wakakukatalia, ni lazima wakwambie kwa nini? Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023, na kati ya dosari ilizotaja ni kwamba Bunge halikueleza sababu za kukubali au kukataa maoni ya umma. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Upeo ikatengua uamuzi huo. Kutoa sababu ni mwenendo mwema, ikasema, ila si sharti.

Hukumu ni hukumu, lakini hii haijaniingia. Mama muuza mboga aliyefunga kibanda nusu siku aje kuzungumza ukumbini, akirudi bila jibu, mwaka ujao simpati tena. Na wale wa Juni 2024 walioingia barabarani hadi Rais akakataa kuutia saini Mswada wa Fedha, wengi hawakuwa na imani tena na karatasi.

Bado nawaandikisha watu. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na ripoti ya kamati ikiwasilishwa bungeni, itafuteni muone kama mmetajwa.