Karoti ya Nantes: tamu, ila haina subira

Sokoni zote huitwa karoti tu, lakini ziweke mbili mezani uone. Ile yenye mabega mapana na mkia uliochongoka kama pia ni Chantenay. Iliyonyooka, unene uleule toka juu hadi kwenye ncha butu, ni ya jamii ya Nantes, iliyochukua jina la mji wa Ufaransa. Ikate katikati: kiini chake ni chembamba na kina rangi karibu sawa na nyama ya pembeni. Ivunje, italia "ka!" Mtoto habembelezwi kuila mbichi.

Utamu wake hupenda ubaridi, ndiyo maana ya Lushoto au Njombe husifiwa. Kwenye joto kali, zile kemikali zinazoipa karoti harufu yake huzidi, na uchungu wake huufunika utamu.

Gramu 100 za karoti mbichi zina maji gramu 88 hivi, sukari karibu gramu 5, nyuzilishe karibu gramu 3 na kalori kama 41. Hazina yake hasa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hiyo hufyonzwa vizuri ikipata mafuta, kwa hiyo karoti iliyokaangwa kidogo, au kachumbari yenye parachichi, hukufaa kuliko karoti isiyo na mafuta. Anayeona kwa shida gizani kwa kukosa vitamini A itamsaidia. Mwenye miwani asitarajie kuivua.

Shida ya Nantes ni kukaa. Ganda lake ni laini na maji ni mengi, hivyo hunyauka na kuvunjika upesi. Ukinunua yenye majani, yakate siku hiyohiyo, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji ya mzizi. Nyingi sokoni zimeshaoshwa, na hapo ndipo watu hukosea: wanazifungia zikiwa bado na maji yake kwenye mfuko wa plastiki, siku ya tatu zina utelezi. Zifute, zikauke kivulini, zifunge kwa kitambaa au karatasi, kisha kwenye mfuko uliotobolewa, chini kabisa ya friji. Usiye na friji, chukua zenye udongo, usizioshe, uzipange kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu kidogo, zisigusane, uiweke pembe yenye ubaridi.

Usizilaze na ndizi mbivu, parachichi wala tofaa. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, na karoti ikiivuta hujitengenezea uchungu. Mteja hulaumu mbegu, kumbe kosa ni la ndizi.

Iliyolegea tu bado nzima: iloweke kwenye maji baridi nusu saa, itarudi kukakamaa. Bega la kijani ni sehemu iliyopigwa jua shambani. Likate, sehemu nyingine upike. Yenye utelezi au harufu ya kuchacha, tupa.