"Tezi 2/14": maana yake kwenye majibu ya saratani ya titi

Baada ya upasuaji wa saratani ya titi, mgonjwa hupewa majibu ya patholojia, na mahali fulani ndani yake pameandikwa kitu kama "tezi 2/14". Wengi jicho huishia kwenye ile 2, roho ikapasuka. Isome yote: tezi 14 zilitolewa kwapani zikapimwa kwa darubini, 2 zikakutwa na seli za saratani, 12 ni safi.

Hizi ni tezi za limfu, ndugu wa mtoki unaovimba kinenani mtu akiwa na kidonda mguuni. Huchuja majimaji ya mwili, na sehemu kubwa ya majimaji ya titi hupitia kwapani. Seli zikichoropoka kwenye uvimbe, mara nyingi hapo ndipo zinapokamatwa kwanza.

Naomba hili lieleweke vizuri, maana limewaliza watu bure: saratani kuingia kwenye tezi za kwapani si sawa na kusambaa mwili mzima. Ikifika kwenye mifupa, ini au mapafu, hiyo ni hatua ya nne. Yenye tezi chache za kwapani bado hutibiwa kwa nia ya kuponya.

Idadi ina uzito wake. Madaktari hutenganisha tezi 1 hadi 3, 4 hadi 9, na 10 au zaidi. Kadiri zinavyoongezeka, ndivyo hatari ya ugonjwa kurudi inavyopanda. Ukubwa wa kilichokutwa nao huangaliwa: seli zilizojikusanya bila kuzidi milimita 0.2 hazihesabiwi kuwa tezi imeshambuliwa.

Zamani iliaminika kwamba ukizing'oa tezi zote umeufungia ugonjwa njia. Mwaka 1971 daktari mpasuaji Bernard Fisher na wenzake huko Marekani walianza kulipima wazo hilo. Wanawake ambao tezi zao hazikuonekana kuvimba waligawanywa: baadhi wakaondolewa titi pamoja na tezi, wengine titi peke yake. Baada ya miaka 25, waliobaki hai hawakutofautiana kwa maana yoyote. Tezi, basi, ni shahidi wa tabia ya saratani kuliko kuwa lango lake. Ndiyo sababu haisomwi peke yake: daktari hutazama pia kama uvimbe unalishwa na homoni, kama una HER2 (protini inayozichochea seli kukua) kwa wingi, na seli zake zina ukali gani. Mwenye 2/14 ambaye uvimbe wake unasikia dawa za homoni hayuko njia moja na mwenye 2/14 ambaye wake hausikii.

Na ukiona "0/2", usidhani umepimwa nusunusu. Huenda ulitafutiwa tezi mlinzi, yaani zile za kwanza kupokea majimaji ya titi, ambazo hutambuliwa kwa rangi ya bluu au dawa yenye mionzi kidogo. Zikiwa safi, zilizo nyuma yake kwa kawaida huachwa. Hata 1 au 2 zikikutwa na saratani, mgonjwa aliyeondolewa uvimbe tu kisha akapigwa mionzi ya titi zima mara nyingi anaweza kuachiwa zilizobaki. Uchunguzi uliowafuatilia wagonjwa wa namna hiyo kwa miaka 10 haukuona wakipungukiwa uhai. Na mkono wake unakuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuvimba na kuwa mzito, tatizo linalowasumbua kwa miaka wengi waliokombwa tezi zote.