Je, wajua kwa nini rangi haitoshi kumtambulisha mbawakawa mpya wa majani?

Mbawakawa wa majani, wakiwemo wale wadogo wanaotoboa majani ya maharage na bamia mashambani kwetu, ni familia yenye spishi zaidi ya 30,000 zilizokwisha kupewa majina. Misitu ya Afrika bado inatoa wapya, lakini anayempata mdudu asiyemfahamu hawezi kumtangaza siku hiyo hiyo, na kinachompoteza mapema zaidi ni rangi.

Jenasi (kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu) ya Monolepta ni mfano mzuri. Hawa ni wadudu wa milimita chache tu, wanaotambulikana kwa pingili ya kwanza ya unyayo wa mguu wa nyuma, ambayo ni ndefu kuliko zinazofuata zikijumlishwa pamoja. Ndani ya spishi moja, mmoja anaweza kuwa wa manjano mwili mzima na mwenzake akawa mweusi mwenye madoa. Wataalamu wa zamani, ambao mara nyingi walikuwa na vielelezo (wadudu waliokaushwa na kuhifadhiwa) viwili vitatu tu mezani, waliipa kila rangi jina lake. Mtafiti Mjerumani Thomas Wagner, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza mbawakawa wa vilele vya miti katika msitu wa Budongo nchini Uganda, alitumia miaka mingi kuipitia upya jenasi hiyo. Majina mengi yakaonekana kuwa ya mdudu mmoja, na spishi kadhaa zikahamishiwa jenasi nyingine.

Kinachoamua, basi, ni kiungo cha uzazi cha dume. Kielelezo kikavu hulainishwa, tumbo hufunguliwa chini ya hadubini, na kiungo hicho huvutwa nje kwa sindano nyembamba, kisha husafishwa kwa dawa inayoyeyusha nyama na kuacha gamba gumu peke yake. Huchorwa kutoka juu, chini na ubavuni, kwa kuwa madume wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili huweza kutofautiana katika mpindo wa ncha yake tu. Siku hizi vinasaba huongezwa kama ushahidi, ingawa kwa maoni yangu havijauondoa ulazima wa kupasua.

Baada ya hapo huja kazi ya makumbusho, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Ni lazima mdudu alinganishwe na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, na holotaipu nyingi za Afrika ziko Ulaya. Mbawakawa wa majani waliokusanywa Kilimanjaro na Meru na msafara wa Yngve Sjöstedt, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswidi, wa mwaka 1905 na 1906, kwa mfano, walielezwa na mtaalamu Mjerumani Julius Weise, na makusanyo ya msafara huo yamehifadhiwa Stockholm. Kanuni za kimataifa hutoa kipaumbele kwa jina la zamani zaidi, kuanzia mwaka 1758, kwa hiyo jina moja lililosahaulika katika jarida la kale linatosha kulibatilisha jipya.

Asipopatikana wa kufanana naye, ndipo maelezo huchapishwa pamoja na jina, holotaipu ikitajwa na mahali itakapotunzwa. Mwenye jike peke yake, katika jenasi kama hii, afadhali asubiri dume apatikane.